Tembo wa Kilo Mbili Arudi Mikononi mwa Mbodze

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Manyunyu yalianza hapa Galu, pwani ya kusini mwa Kenya, kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa hayajakatika. Upepo wa kusi umekuja na ubaridi wake, na wafanyakazi wanaokwenda mahotelini wanapita barabarani wakiwa wamejifunga majaketi mpaka shingoni.

Kwa Mbodze Chirau, hali hii ya hewa ni kazi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ameshajaza maji ya moto kwenye chupa tatu za plastiki, akazizungushia vitambaa na kuzilaza ndani ya vikapu vitatu vya ukindu. Katika kila kikapu amejikunja mbwa ambaye angeenea bila shida ndani ya mkoba wa mtoto wa chekechea.

Anagusa pua ya mmoja mmoja kwa mgongo wa kidole. Anainua mdomo wa juu kidogo kutazama rangi ya ufizi. Kisha anaweka kiganja juu ya kila kikapu na kuomba, kwa sauti ya chini, kama anavyofanya kila siku kabla ya kuwalisha.

Leo ombi lake ni refu kuliko kawaida. Saa tatu atafika mgeni ambaye amemngoja kwa miaka miwili na miezi minne.

Mgeni huyo ana uzito wa kilo moja na gramu mia tisa. Ni mbwa wa aina ya chiwawa, rangi ya mchanga, masikio yamesimama kama majani mawili ya mkungu. Jina lake ni Tembo.

Mbodze ana umri wa miaka 46. Kazi yake ni kulea mbwa wadogo wa kufugwa ndani, wale ambao wanaowafuga wamesafiri au wamelazwa hospitalini. Analea katika vyumba viwili alivyopanga nyuma ya nyumba ya Bi Biasha, mjane wa Kidigo. Tangu Julai mwaka jana, ukiwaacha hawa watatu wa leo, amepokea mbwa 31, na wote wamerudi kwao wazima.

Lakini huyo Tembo ndiye aliyewahi kumponyoka, na ndiye anayetaka kumwona tena.

"Mbwa thelathini na mmoja nimewarudisha," anasema huku akichuja maji ya nyama ya kuku. "Mmoja tu ndiye ananiamsha usiku. Nikiaminiwa na huyo, nitajua Mungu amenisafisha."

Mwenye Tembo ni Mwalimu Nereah, mstaafu aliyetoka bara na kuhamia Galu miaka mingi iliyopita. Nyonga yake imeharibika, anatembea kwa kushikilia chuma cha kutembelea. Keshokutwa, Jumatatu, anatakiwa kufanyiwa upasuaji Mombasa, na atakaa huko wiki sita. Mara mbili ameshapangiwa tarehe, na mara mbili ameikataa kwa sababu hana wa kumwachia mbwa wake.

Jana jioni alipiga simu. Mbodze anayakumbuka maneno yake neno kwa neno: "Sijasema nitamwacha. Nimesema nitakuja kuona."

Mbodze alizaliwa ndani kabisa kupita Kinango, kwa wafugaji wa Kiduruma. Kaka zake walikwenda shule, yeye akakabidhiwa mbuzi. Kufikia umri wa miaka kumi alikuwa anaweza kumsaidia mbuzi kuzaa. Kitoto kilichokataliwa na mama yake alikijua dawa yake, na kilichozaliwa kwenye mvua kikapoa kama jiwe alijua namna ya kukirudisha duniani.

Alishuka Diani mwaka 2022, watoto wake wawili walipokwisha kujitegemea. Akapata kazi ya nyumbani kwa Mwalimu Nereah: kufua, kupika, kufagia. Na kumtazama Tembo.

Mbwa huyo aliachwa pale na Maxwell, mtoto wa Mwalimu, alipohamia ng'ambo. Jina alimpa yeye, kwa mzaha. Mbwa mwenyewe hakujua kuwa ni mzaha. Alibwekea pikipiki. Alibwekea nyani juu ya paa. Siku moja alimfukuza mlinzi wa jirani mpaka mlinzi akapanda juu ya kiti, rungu mkononi.

"Chiwawa hajui kama yeye ni mdogo," anaeleza Daktari Elijah Kalama, mganga wa mifugo anayewatibu mbwa wengi wa eneo hili. "Anachagua mtu mmoja, anampenda huyo, na dunia nzima iliyobaki anaishuku. Mtu wake akiondoka, anaweza kukataa hata chakula. Na mwili wake hauna akiba. Mbwa mkubwa akikosa mlo anakasirika. Huyu akikosa, anaanguka."

Hayo Mbodze hakuyajua Februari 2023, Mwalimu alipopata habari za msiba na kusafiri kwao kwa siku tatu.

Kabla ya kuondoka, Mwalimu alibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Akamwambia Mbodze kwamba kila kitu kimeandikwa humo. Akamuuliza kama ameelewa.

"Nikatikisa kichwa kama mtu aliyesoma," anasema Mbodze. "Nilikuwa na miaka arobaini na minne na sikujua kuandika hata jina langu. Niliona aibu. Nikajiambia, kwani mbwa ni kitu gani? Nimekua na mbwa."

Kwao, mbwa wa zizi hula mara moja kwa siku, jioni, mbuzi wakishaingia wote na mlango ukafungwa. Ukimpa asubuhi, wazee watakwambia umemharibu, atashiba alale, na fisi atachukua mbuzi. Ndivyo Mbodze alivyolelewa, na ndivyo alivyofanya. Jumanne jioni alimwekea Tembo sima na mchuzi. Tembo akanusa, akaenda kulala mlangoni kumngoja Mwalimu. Mbodze hakushtuka. Mbwa wa kwao akikataa leo, kesho atakula.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Mbodze hufunga kila Jumatano, yeye na akina mama wenzake wa kanisa. Siku ya kufunga hakoki moto mpaka jua litue. Hakuna kilichopikwa katika nyumba ile tangu asubuhi.

Saa tisa alasiri alimkuta Tembo chini ya kiti. Kichwa kilikuwa kinayumba. Alijaribu kusimama, miguu ya mbele ikakunjika. Alipomwinua, akalegea mkononi kama kitambaa kilichokamuliwa, ufizi mweupe, mwili wa baridi.

"Hapo nikakiona kitoto cha mbuzi," anasema Mbodze. "Nikaacha kumwona mbwa wa mwalimu. Nikaona kitoto kilichozaliwa mvuani, na mikono yangu ikajua la kufanya kabla ya kichwa."

Alikuwa na chupa ya asali aliyotoka nayo nyumbani, dawa yake ya kifua. Akachovya kidole, akampaka Tembo kwenye ufizi, kidogo kidogo. Hakummiminia, kwa kuwa kitoto kilicholegea ukikimiminia kinapaliwa na kufa. Akafungua nguo, akamweka kifuani ngozi kwa ngozi, akajifunga kanga juu yake. Akatoka mbio barabarani huku akiomba kwa sauti, akasimamisha bodaboda.

Walipofika kwa Daktari Elijah, Tembo alikuwa amefungua macho. Na alikuwa anamngurumia mwendesha bodaboda.

"Ile asali ndiyo iliyomwokoa," anasema Daktari. "Sukari ilikuwa imekwisha mwilini. Nusu saa nyingine, tungezika. Nilimuuliza yule mama amesomea wapi. Akaniambia, kwa mbuzi."

Mwalimu Nereah aliporudi, alimkuta Tembo mzima, anaruka. Hakuna aliyemwambia kitu. Mbodze angeweza kunyamaza na kazi yake ingebaki.

Lakini usiku kucha alikuwa hajalala. Asubuhi alimwamkia Mwalimu, akasimama mbele yake na kumweleza yote: kwamba hakujua kusoma, kwamba alimlisha kama mbwa wa zizi, kwamba alikuwa amefunga na mbwa akafunga naye pasipo kuulizwa.

Mwalimu akamwambia akusanye vitu vyake.

Mbodze hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, ile karatasi ya kwenye friji. Mwalimu alidhani ni dharau. Aliibandua na kuitupa mezani, akaingia chumbani.

"Nilitaka kujua imeandikwa nini," anasema Mbodze. "Nilifukuzwa kwa maneno ambayo sikuyajua."

Daktari Elijah ndiye aliyempa kazi, ya usafi, kwa shilingi elfu tisa kwa mwezi. Alisema alikuwa na watu wengi wenye vyeti, ila hakuwa na mtu wa kujishtaki mwenyewe. Akaweka sharti moja, kwamba ajiandikishe kwenye masomo ya ngumbaru.

Basi jioni tatu kila wiki, Mbodze alikuwa akitoka kazini moja kwa moja hadi darasa la shule ya msingi huko Ukunda, akajibana kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakigonga ubao. Alikuwa mkubwa kuliko mwalimu wake. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekaa nyuma yake alimwita "shosho wa herufi", yaani bibi wa herufi, na kumfinyia jicho kila alipokosea. Mbodze alimjibu kwamba shosho akimaliza herufi zake atakuja kumsomea hati ya mashtaka ya trafiki.

Karatasi ile aliibeba ndani ya Biblia ambayo pia hakuweza kuisoma. Kila baada ya wiki chache aliifungua na kujaribu. Baada ya miezi saba, Septemba 2023, mstari wa kwanza ulikubali.

Ulikuwa unasema: Mpe chakula mara nne kwa siku, hata kama hataki.

Alilalia dawati akalia. Yule kijana wa bodaboda akamletea maji.

Tangu siku hiyo alisoma kila kilichopita mbele yake pale kwa Daktari: lebo za dawa, vibao, vitabu. Alijifunza kwamba mbwa wa aina hii hafungwi kamba shingoni, kwa kuwa koo lake ni laini na huweza kubonyea. Huvishwa mkanda wa kifuani. Kwamba wengine utosi wao haufungi mpaka uzeeni, kama wa mtoto mchanga, na pigo dogo la kichwani linaweza kuua. Kwamba kuruka kutoka kwenye kochi kunavunja mguu. Kwamba meno yao husongamana na kuoza mapema, hivyo lazima yasuguliwe, lakini si kwa dawa ya meno ya watu.

Na mengine hakufundishwa na mtu. Wenye mbwa walianza kuona kwamba mbwa waliomuuma kila mtu pale walikuwa wanamtulia yule mama wa ufagio. Wakaanza kumwomba awalelee wakisafiri. Daktari mwenyewe alimwambia ni wakati wa kutafuta mahali pake.

Nyumba saba zilimkataa. Ya nane ilikuwa ya Bi Biasha.

Bi Biasha ni mtu wa ibada, na hakumficha. Alimwambia mbwa hawatapita kwenye ua wake anamoswalia. Patobolewe mlango wa nyuma unaotokea njiani, pawe na bomba lake la maji, na nguo za kazi zisivuke ukuta. Mbodze alikubali yote kabla Bi Biasha hajamaliza kutamka. Mpaka leo, kila anapotaka kuvuka kwenda kumjulia hali mama mwenye nyumba, anavua gauni la kazi, analitundika kwenye msumari wake, anaoga, anavaa kanga safi, ndipo anabisha hodi.

"Ameniheshimu," anasema Bi Biasha. "Nami nimemheshimu. Mnyama ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, kumlisha kuna thawabu. Ila asinirambe."

Saa tatu kasoro dakika tano, teksi inasimama mlango wa nyuma. Daktari Elijah ameshafika. Ameombwa ampime Tembo kabla ya uamuzi wowote. Bi Biasha amesimama upande wake wa ukuta wa makuti, shingo ameinyoosha, mwavuli juu ya buibui. Anasema amekuja kutazama mvua.

Mwalimu Nereah anashuka taratibu, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umekumbatia kifurushi cha sweta nyekundu. Kutoka ndani ya sweta kunasikika ngurumo, kama ya simu inayotetemeka juu ya meza.

"Shikamoo, Mwalimu," anasema Mbodze.

"Marahaba." Mwalimu hamwangalii. Anaangalia mahali.

Bi Biasha anauliza kutoka ukutani kama huyo ndiye tembo aliyesemwa. Anaambiwa ndiye. Anafikiri kidogo.

"Basi panya wa jikoni kwangu ni kifaru," anasema.

Daktari anageuka kando kuficha kicheko. Mwalimu anajitahidi asicheke, na karibu afaulu.

Kisha unaanza ukaguzi. Mwalimu amefundisha miaka thelathini na mbili, na hajasahau kazi. Anauliza wavu wa juu ya ua ni wa nini. Mbodze anamjibu ni kwa ajili ya mwewe na nyani. Anauliza magodoro kwa nini yapo chini. Ni ili asiruke. Akianza kukohoa kama bata? Anyanyuliwe kifua, atulizwe, na akirudia apelekwe kwa Daktari. Akitetemeka? Kwanza aguswe masikio kujua kama ni baridi, kisha atazamwe ufizi kujua kama ni njaa, na vyote vikiwa sawa, basi amekasirika tu na aachwe akasirike.

"Na akikataa kula kwa sababu sipo?"

Mbodze anamwomba leso aliyojifunga. Asimpe iliyofuliwa, ampe hiyo hiyo.

Anamweleza kwamba kwao kitoto cha mbuzi kilichofiwa na mama hupanguswa kwa nguo yenye harufu ya mbuzi mwingine, ili wakubaliane. Harufu ndiyo huja kwanza, ndipo maziwa. Tembo atalala juu ya leso hiyo, na Mbodze atajifunga leso hiyo hiyo kila wakati wa chakula.

Mwalimu anafungua leso kiunoni na kumpa. Halafu anaweka kile kifurushi chini.

Tembo anatoka kwenye sweta. Amezeeka; nywele za mdomoni zimekuwa nyeupe. Anambwekea Daktari, anabwekea mwavuli, anamgeukia Mbodze na kuonyesha meno aliyobaki nayo.

Mbodze hamsemeshi. Anakaa mkekani, anampa ubavu, leso ameiweka mapajani, na anaendelea kunyambua nyama ya kuku kana kwamba hakuna aliyeingia. Hamtazami. Dakika zinapita. Mwalimu amekaza mikono kwenye chuma chake mpaka vifundo vimetokeza.

Tembo anakuja hatua tatu, ananguruma, anarudi. Anakuja tena. Ananusa kisigino. Ananusa pindo la gauni. Kisha anasimama kwa miguu miwili, anaegemea kifua cha Mbodze na kunusa pale pale alipowahi kubebwa, ngozi kwa ngozi, siku ile ya asali.

Anazunguka mara tatu juu ya leso na kulala.

Daktari anampima pale pale mapajani, anamsikiliza moyo, anatikisa kichwa kukubali.

"Miaka yote hii hajamlalia mtu mwingine," anasema Mwalimu Nereah, na sauti yake si ile aliyoingia nayo.

Mbodze anamwonyesha ukutani. Ile karatasi ya friji ipo hapo, imewekwa ndani ya kioo, na chini yake kuna nyingine, kwa mwandiko wa herufi kubwa zilizoinama, saa za chakula za kila mbwa. Anamwambia Mwalimu kwamba mwakani atafanya mtihani wa watu wazima, na kwamba ana nia ya kuwaita wafanyakazi wa nyumbani wa Galu na Diani, Jumamosi moja kila mwezi, awaonyeshe bure namna ya kumlea mbwa mdogo. Wasiojua kusoma atawasomea. Hataki mwingine atikise kichwa kama alivyotikisa yeye.

Mwalimu anaisoma karatasi ya Mbodze mstari kwa mstari. Kidole chake kinasimama mahali fulani, kwa mazoea ya kalamu nyekundu, kisha kinaendelea. Anapomaliza anageuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anamtazama usoni.

"Bado unafunga Jumatano?"

Manyunyu yanasikika juu ya makuti. Daktari anaangalia chini.

"Nafunga, Mwalimu. Na Jumatatu hii nimeiongeza, kwa ajili ya nyonga yako."

Mwalimu anajifuta uso kwa kiganja. Anasema hataki karatasi tena. Karatasi alishawahi kuiacha. Anataka kusikia kwa kinywa, na watu wasikie.

Mbodze anamwinua Tembo pamoja na leso na kusimama. Anamwomba Daktari asogee. Anamwomba Bi Biasha asogee ukutani asikie vizuri, na Bi Biasha anafunga mwavuli wake ili matone yasimzuie. Mbodze anaweka mkono wa kulia juu ya mgongo wa mbwa, kama anavyouweka kila alfajiri juu ya vikapu.

"Mimi Mbodze binti Chirau, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu nyinyi watatu, naahidi. Nitakapofunga, nitafunga na tumbo langu peke yangu. Moto nitaukoka alfajiri kama siku zote, na Tembo atakula mara nne, kutoka mkononi mwangu, kabla mimi sijaonja hata mara moja."